Glavu za Kiangazi au Glavu Nyepesi?

Maelezo ya vifaa vya pikipiki yatokayo Ulaya aghalabu huzigawa glavu kwa majira ya mwaka: za majira ya joto na za majira ya baridi. Mfasiri mwenye haraka huandika "glavu za kiangazi", akaridhika. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba istilahi hiyo, ijapokuwa ni Kiswahili fasaha, yaweza kumpotosha mtumiaji.

Tuchukue mfano wa Kilema, katika miteremko ya Kilimanjaro. Majira ya joto ya Ulaya ni Juni hadi Agosti. Miezi hiyo hiyo Kilema ni kipupwe, na asubuhi ukungu hutanda juu ya migomba na mibuni. Tena, kwa kila mita 1,000 mtu azishukazo mlimani, joto huongezeka kwa kadiri ya nyuzi 6 za Selsiasi. Mwendesha bodaboda atokaye Kilema alfajiri kwenda Moshi mjini huianza safari katika baridi, na pengine akarudi mchana katika jua kali. Avae glavu za majira gani?

Kabla ya kuunda istilahi yapasa kukijua kitu chenyewe. Glavu tunazozizungumzia hutengenezwa kwa ngozi laini au kitambaa chenye matundu ya kupitishia hewa, ili mikono isilowe jasho. Kiganja, hata hivyo, huimarishwa kwa ngozi. Mara nyingi huwapo kinga ngumu juu ya vifundo vya vidole, na ukanda wa kukazia kwenye kifundo cha mkono ili glavu isichomoke. Sababu ni dhahiri: mtu aangukapo hutanguliza mikono. Glavu za sufu hutia joto, lakini huraruka upesi zikikwaruzwa na lami. Glavu za mpira za hospitalini kazi yake ni kuzuia majimaji na vijidudu. Zote huitwa "glavu", lakini si zote zimkingazo mpanda pikipiki.

Hata wataalamu wa Ulaya wapimapo kinga hawaangalii majira. Kiwango chao EN 13594, kilichorekebishwa mwaka 2015, huzipanga glavu za pikipiki katika daraja la 1 na la 2 kwa kadiri ya kinga, na alama KP huonyesha kinga ya vifundo vya vidole.

Kwa hiyo twapendekeza "glavu nyepesi za pikipiki", na kinyume chake "glavu nzito za pikipiki". Huenda msomaji akahoji kwamba "nyepesi" yaweza kueleweka kuwa "dhaifu". Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana neno "pikipiki" lisiachwe, na penye maelezo ya usalama iongezwe "za kinga". Neno "glavu" lenyewe limekwisha kuzoeleka, wala hatuoni haja ya kulitafutia badala.

Mtumishi wa serikali aandikaye tangazo la usalama barabarani asitosheke na "Vaa glavu". Kijana wa Kilema aliyevaa glavu za sufu ataamini amekwisha kutii, na kosa la tangazo atalijua siku atakapoanguka. Istilahi ikitaja kazi ya kitu, humfaa mtumiaji; ikitaja majira ya nchi nyingine, humwacha akikisia.