Kila Mtu na Bakuli Lake



Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya mishahara, mikataba na saa za kazi. Leo tunaomba ruhusa tuingie jikoni. Msitucheke. Mshahara wote tunaoupigania unaishia chunguni, na mtu asiyekula vizuri hana nguvu za kukata miwa wala za kusimama kusema neno mkutanoni.

Sisi tunaotembelea matawi hapa Uganda, katika mashamba ya miwa upande wa Busoga na mashamba ya chai upande wa magharibi, hufika kambini jioni wakati watu wametoka kazini. Tunakaribishwa na tunakula pamoja nao, kwa hiyo tunajua kinachopikwa. Juma la mshahara kuna nyama. Juma la pili kuna maharagwe. Juma la nne ni posho na chumvi, au posho na chai ya rangi, huku deni la dukani likipanda.

Jioni moja katika kambi ya chai mama mmoja aliweka sinia chini, posho katikati na maharagwe pembeni. Watoto walikuwa wanne. Wakubwa walikula upesi, kama wanavyokula watu wenye njaa. Mdogo, wa miaka mitatu hivi, alikuwa bado anapoza tonge lake la pili sinia lilipokwisha. Akapewa ukoko. Mama yule hakuwa mchoyo, wala wale wakubwa hawakuwa watoto wabaya. Tuliona sote na hakuna aliyesema neno. Sisi pia tulinyamaza. Jambo hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

POSHO ILIVYOPATA JINA LAKE

Katika Kiswahili posho ni kipimo cha chakula anachopewa askari, mpagazi au kibarua. Wakati wa ukoloni waajiri wengi waliwapa vibarua unga wa mahindi kila juma, ukihesabiwa kuwa sehemu ya malipo yao. Unga ulikuwa rahisi kupima, rahisi kubeba, na ulijaza tumbo. Basi hapa Uganda jina la malipo likawa jina la chakula chenyewe. Kile ambacho jirani zetu wa Kenya na Tanzania wanakiita ugali, sisi twakiita posho.

Posho hujaza tumbo, lakini peke yake haijengi mwili. Protini ya mahindi ina upungufu, na vitamini iitwayo niasini iliyomo ndani yake mwili hauipati kwa urahisi. Watu wa nchi nyingi walioishi kwa mahindi matupu kwa muda mrefu waliugua pelagra. Ngozi hubabuka shingoni na mikononi panapopigwa na jua, tumbo huharisha, na mwisho akili huchanganyikiwa.

Maharagwe yana kile ambacho mahindi yamepungukiwa, na mahindi nayo huyasaidia maharagwe. Wazee wetu hawakusoma jambo hili vitabuni, lakini walivipika pamoja katika chungu kimoja. Wakenya huita githeri, Watanzania makande, Wanyarwanda impungure, na ndugu zetu Waluo na Waacholi huita nyoyo. Chakula hiki si cha aibu wala si cha maskini tu. Ni chakula chenye akili.

MAMBO MATATU NDANI YA BAKULI

Kanuni ni rahisi, hata mtoto anaweza kuikariri. Bakuli liwe na cha kutia nguvu, cha kujenga mwili, na cha kulinda mwili. Nusu ya bakuli iwe posho, ndizi, muhogo, viazi au wali. Robo iwe maharagwe, kunde, karanga au mukene, yaani wale dagaa wa Ziwa Victoria. Robo iliyobaki iwe mboga za majani, kama vile dodo, sukuma wiki au majani ya maboga. Juu yake weka kidogo cha kuleta ladha: nyanya iliyokatwa, kitunguu, pilipili au tone la ndimu.

Ukishaijua kanuni hii, unaweza kubadilisha kila siku bila kuongeza gharama. Hii hapa mifano minne.

Kwanza, katogo. Menya ndizi mbichi za matoke, uziweke chunguni pamoja na maharagwe yaliyokwisha kuiva, nyanya, kitunguu na maji kidogo. Zikikaribia kuiva, tia dodo zilizokatwa, ufunike kwa dakika tano tu. Chungu ni kimoja, moto ni mmoja, na mambo yote matatu yamo.

Pili, viazi vitamu na mchuzi wa karanga. Tafuta viazi vyenye rangi ya machungwa ndani. Vina vitamini A inayolinda macho na kumsaidia mtoto kushindana na magonjwa. Mtaalamu wetu wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, naye alishughulika na kuzalisha mbegu za viazi hivi. Mimina juu mchuzi wa karanga uliotiwa mukene. Mukene huliwa mzima na mifupa yake, na mifupa hiyo hujenga mifupa yetu.

Tatu, mahindi na maharagwe. Yakiisha kuiva, yakaange kidogo kwa kitunguu na nyanya, kisha changanya na sukuma wiki. Jina la mboga hiyo linaeleza kazi yake: inasukuma juma mpaka mshahara ufike.

Nne, posho ya jana. Usiitupe kama haijaharibika. Ikate vipande vidogo, uikaange kwa mafuta kidogo pamoja na kabichi, kisha vunja mayai mawili juu yake na ukoroge. Mayai mawili hayatoshi familia yakiliwa peke yake, lakini yakichanganywa hivyo kila mtu anapata.

KUOKOA MAKAA NA AFYA

Maharagwe yanakula makaa mengi. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, uyachemshe kwa maji mapya kwa moto mkali kwa nusu saa. Kisha ondoa chungu kikiwa kimefunikwa, ukiweke ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba, na ufunike juu kwa blanketi kuukuu. Yataendelea kuiva yenyewe kwa saa tatu au nne bila moto. Kabla ya kupakua, yachemshe tena vizuri. Usiruke ule moto mkali wa mwanzo, kwa maana maharagwe yasiyochemka sawasawa yana sumu ya kuumiza tumbo.

Karanga zenye ukungu tupa, hata kama zinauzwa bei rahisi. Ukungu huo huacha sumu iitwayo sumukuvu, ambayo huharibu ini, na kukaanga hakuiondoi. Tena usinunue unga wa karanga usiojua umesagwa kutoka karanga gani. Nunua karanga nzima, zichague, uzitwange mwenyewe. Hapa tunawaambia wanaume wenzetu: mama huyu amechuma chai tangu asubuhi kama wewe. Kinu hakiulizi kama mchi umeshikwa na mwanamume au mwanamke.

Na neno moja kwa wachuma chai. Chai tunayoichuma hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kutoka kwenye maharagwe na mboga, na upungufu wa chuma huleta uchovu na ukosefu wa damu, zaidi kwa akina mama wajawazito. Usinywe chai pamoja na chakula. Ngoja kama saa moja hivi. Badala yake kula na ndimu, chungwa au nyanya mbichi, kwa sababu hivyo husaidia mwili kupata chuma.

KWA NINI BAKULI

Turudi kwa yule mtoto wa miaka mitatu. Kula sinia moja ni desturi yetu ya upendo, nasi hatusemi ifutwe. Lakini chakula kikiwa kidogo, sinia humpa mwenye mkono wa haraka. Mtoto mdogo hula polepole, na tumbo lake ni dogo, kwa hiyo anahitaji kula mara nyingi. Ukimpakulia bakuli lake mwenyewe, unaona alichokula na alichobakiza. Bakuli la plastiki au la bati latosha. Wakae pamoja mkekani, wacheke pamoja, lakini kila mmoja na bakuli lake.

Jambo hili halina ugeni kwetu wanachama. Ndiyo kazi ya mkataba wa kazi: fungu la kila mmoja lijulikane, lisitegemee nani ana nguvu ya kunyakua.

BAKULI SI BADALA YA MSHAHARA

Zamani katika mazungumzo ya mishahara bwana mmoja wa upande wa mwajiri alituambia kwamba wafanyakazi hawakosi fedha, wanakosa maarifa ya kutumia. Tunajua makala kama haya yanaweza kumfurahisha mtu wa namna hiyo. Basi tuseme waziwazi. Hapa Uganda kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kurekebisha jambo hilo, lakini Rais hakuutia sahihi. Hakuna upishi unaoweza kuziba pengo kama hilo. Maarifa ya jikoni yanamsaidia mtoto leo jioni. Mshahara wa haki utamsaidia miaka yote.

Tena mahali ambapo chakula ni sehemu ya malipo, kumbukeni Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949. Unasema malipo ya vitu yawe sehemu tu ya mshahara, vitu hivyo vimfae mfanyakazi na familia yake, na vihesabiwe kwa thamani ya haki. Unakataza pia kumlazimisha mfanyakazi kununua katika duka la mwajiri.

Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi lijadili mambo matatu. Kantini ya kiwanda iongeze mboga za majani kwenye posho na maharagwe. Kila nyumba ya kambini ipewe kipande cha ardhi cha bustani, na pasipo na ardhi tupande dodo kwenye magunia yaliyojazwa udongo. Na katika mkutano ujao akina mama na akina baba walete bakuli lao walilobuni, watueleze walivyopika na gharama yake. Katibu wa tawi aandike, aturudishie, nasi tutazisoma zote.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho kigawanywe, na mdogo asiachiwe ukoko.