Tarikhi ya Tenisi na Mizani ya Habari za Intaneti (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala hii tuliufuata mchezo wa tenisi tangu zama ulipokuwa ukichezwa kwa kiganja kitupu katika nyua za watawa wa Ufaransa, tukaenda nao hata viwanja vya ndani vya wafalme, tukaishia pale Mfalme Louis wa Kumi alipofikwa na mauti huko Vincennes mwaka 1316, baada ya kucheza kwa bidii na kisha, kama isemwavyo, kunywa mvinyo wa baridi hali mwili wake ungali moto. Leo nakusudia kusimama kidogo katika safari hiyo, ili tuizungumze kazi ambayo kila atafutaye tarikhi ya mchezo huu katika intaneti hana budi kuifanya, nayo ni kazi ya kuzipima habari. Tarikhi ya tenisi imejaa visa vitamu, na visa vitamu hunakiliwa upesi kuliko hati kavu. Hivyo mtu akiuliza swali moja hupata majibu mengi yanayofanana, akadhani kwamba kufanana kule ndiko ithibati.

Wanazuoni wa Kiislamu, ambao elimu yao ndiyo iliyowalea waandishi wetu wengi wa pwani, waliikabili shida ya namna hii karne nyingi zilizopita. Hawakuikubali riwaya kwa kuwa tu imeenea, bali waliuliza: nani kaipokea kwa nani, na huyu mpokezi, je, alimdiriki yule anayedai kumsikia, au miaka yao haikukutana? Na wingi wa wapokezi waliuhesabu kuwa ni nguvu pale tu njia zao zilipokuwa mbalimbali, zisizotoka katika kinywa kimoja. Sioni mizani iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu wa leo aketiye mbele ya kompyuta, ingawa jambo tunalolipima hapa ni la mchezo.

Tuanze na habari ya hesabu. Watu wengi wamesoma kwamba 15, 30 na 40 za tenisi zilitokana na uso wa saa, ambao mshale wake ulisogezwa robo kwa robo kila mchezaji alipopata pointi, na kwamba 45 ilikuja kufupishwa ikawa 40. Kwamba 45 ni ya kale, hilo halina shaka: Charles wa Orléans, aliyetekwa na Waingereza katika vita vya Agincourt mwaka 1415 akakaa kifungoni miaka mingi, ameitaja katika mojawapo ya mashairi yake yanayougusa mchezo huu. Lakini saa za zama zake kwa kawaida zilikuwa na mshale mmoja tu, wa kuonyesha saa, na mshale wa dakika haukuenea Ulaya ila baada ya Christiaan Huygens kubuni saa ya pendulamu mwaka 1656. Basi mchezaji wa karne ya 15 angeiona wapi dakika ya 45? Mtetezi wa kisa hiki aweza kujibu kwamba 60 ilikuwa hesabu kamili kwa watu wa zama hizo, saa iwepo isiwepo, na jibu hilo lina sura ya haki. Ila aliyelitoa ameshaiacha saa yenyewe, akashika hoja nyingine. Hivi ndivyo riwaya inavyopimwa kwa tarehe, wala haihitaji elimu kubwa.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa Marekani. Imeandikwa mara zisizo na idadi kwamba bibi mmoja wa Staten Island, Mary Ewing Outerbridge, aliwaona maofisa wa Kiingereza wakicheza tenisi ya nyasi huko Bermuda, akanunua raketi, mipira na wavu, akarejea New York kwa meli iitwayo Canima tarehe 2 Februari 1874, na watu wa forodha wakavizuia vitu vile kwa kutovijua ni vya nini. Sasa iweke tarehe hiyo kando ya nyingine. Meja Walter Clopton Wingfield, aliyeuza mchezo huu kwa seti zilizopangwa ndani ya sanduku, alipata kinga ya awali ya hataza yake mjini London tarehe 23 Februari 1874, na matangazo yake yakaonekana magazetini mwezi Machi. Kwa hiyo kisa kinamtaka bibi huyu awe amevuka bahari na bidhaa iliyokuwa haijatangazwa hata kwao Uingereza. Hapana anayeweza kuapa kwamba Wingfield hakupata kumpelekea ofisa yeyote seti moja kabla ya hataza, wala mimi simtuhumu bibi yule kwa uwongo, kwani alifariki mwaka 1886 na riwaya hii imesimama zaidi juu ya masimulizi ya jamaa zake. Yawezekana aliuleta mchezo kweli, ila baadaye kuliko isemwavyo. Lakini tarehe ile, kwa rai yangu, ni dhaifu, na kurasa zinazoikariri, hata zikiwa elfu, ni shahidi mmoja.

Habari ya Wingfield nayo yataka uangalifu. Husemwa kwamba yeye ndiye mvumbuzi wa tenisi ya nyasi. Lakini mwezi Novemba 1874 mwanasheria wa Birmingham, Harry Gem, aliliandikia gazeti la The Field akieleza kwamba yeye na rafiki yake Mhispania, Augurio Perera, walikuwa wamekwisha kucheza mchezo wa namna hiyo miaka mingi nyuma, na mwaka 1872 wawili hao walishiriki kuunda klabu huko Leamington. Barua ile ilichapishwa wakati Wingfield yu hai na aweza kujibu, nami huihesabu sifa hii kuwa kubwa kuliko ufasaha wowote, kwa kuwa ushahidi uliotolewa mbele ya hasimu una uzito ambao ukumbusho wa uzeeni hauna.

Tena tusidhani kwamba kila kilichochapishwa siku ile ile kimetakasika. The Field hilo hilo ndilo lililotoa kikombe cha thamani ya gini 25 kwa mashindano ya kwanza ya Wimbledon, mwezi Julai 1877, ambamo wachezaji 22 waliingia na Spencer Gore akamshinda William Marshall mbele ya watazamaji wapatao 200. Na mhariri wake, John Henry Walsh, alikuwa miongoni mwa waasisi wa klabu iliyoyaandaa. Hilo halilifanyi gazeti kuwa la uwongo, ila msomaji ajue kwamba mwandishi alikuwa na hisa katika jambo analoliandika. Ndivyo ilivyo leo kwa tovuti za vilabu, mashirikisho na wauza raketi: kwa matokeo na miaka ni msaada mkubwa, lakini katika suala la nani wa kwanza, kila mmoja huvutia kwake.

Jambo la kufurahisha ni kwamba intaneti ile ile inayotupoteza ndiyo iliyotufungulia makavazi. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imeweka vitabu vyake vya kale katika Gallica, kila mtu asome bure. Na kitabu cha Julian Marshall juu ya historia ya tenisi, kilichotoka mwaka 1878 na ambacho nacho chasomeka intanetini, kilitungwa na mtu aliyeketi katika kamati iliyopanga kanuni za Wimbledon. Hata Wikipedia, inayodharauliwa na wengi, ina fadhila moja ambayo vitabu havina: huonyesha nani alibadilisha nini na lini, na tanbihi zake humpeleka msomaji kwenye asili, ikiwa atakubali kwenda.

Nami namwomba msomaji jambo moja. Tenisi ililetwa Afrika Mashariki na Waingereza, ikachezwa katika vilabu vyao na kisha mashuleni, na habari zake za kwetu ni chache mno katika intaneti. Ikiwa nyumbani kwako mna daftari la klabu, barua au picha yenye tarehe nyuma yake, usiichome wala usiitupe. Ipeleke kwenye makavazi ya taifa, Zanzibar, Dar es Salaam au Nairobi, na uandike jina la aliyekupa na mwaka aliokupa.