Kuunganisha Kamera na Darubini: Maelezo ya Kazi na Istilahi Zake

Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kueleza jinsi kamera ya dijitali inavyounganishwa na darubini ili kupiga picha za mwezi, sayari na nyota. La pili ni kupima kama Kiswahili chaweza kuieleza kazi hiyo bila kumpoteza mtendaji. Huenda msomaji akauliza kazi ya wapenzi wa falaki yawahusu nini wataalamu wa lugha. Jibu ni kwamba hapa neno lisilofaa hudhihirika mara moja. Asomaye hadithi iliyofasiriwa vibaya huweza kukisia maana akaendelea. Lakini aambiwaye asogeze kitu asichokitambua atapata picha ya ukungu, wala hatajua kama kosa ni la mkono wake au la maelezo aliyopewa.

Yafaa tuanze na majina mawili makuu. Darubini ni neno la asili ya Kiajemi, ambamo *dur* ni mbali na *bin* ni kuona. Kamera asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba, kwa kuwa vyombo vya kwanza vya namna hii vilikuwa vyumba vya giza vyenye tundu dogo la kuingizia mwanga. Majina haya yakiwekwa pamoja yaeleza kazi nzima: twaondoa lenzi ya kamera, na darubini yawa ndiyo lenzi ya chumba kile. Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1840 John William Draper alipiga picha ya mwezi huko New York, na mwaka 1850 William Cranch Bond na John Adams Whipple walipiga picha ya nyota Vega kwa darubini kubwa ya Harvard. Tofauti ya leo ni kwamba mahali pa bamba lililopakwa dawa pamewekwa kihisi cha elektroniki, kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na umeme kuwa tarakimu.

Sasa tutazame sharti la kazi hii. Lenzi kubwa ya darubini, au kioo chake, hukusanya mwanga wa nyota na kuikutanisha miale yake mahali pamoja. Hapo ndipo taswira hufanyika. Mahali hapo huitwa fokasi, na umbali kutoka kwenye lenzi au kioo hadi hapo huitwa umbali wa fokasi. Sharti ni moja tu, nalo ni kwamba uso wa kihisi ukae pale pale taswira inapofanyika. Pete, hesi na parafujo tutakazozitaja ni njia za kulitimiza sharti hilo, na istilahi zetu zote hazina budi kulitumikia.

Njia za kuunganisha ni tatu. Katika ya kwanza, kamera yenye lenzi yake, au hata simu, huwekwa nyuma ya lenzi ya kuchungulia, mahali ambapo jicho lingekaa. Njia hii ni rahisi, na yafaa sana kwa mwezi. Katika ya pili, lenzi ya kamera huondolewa na ile ya kuchungulia huachwa, ili itupe taswira iliyokuzwa juu ya kihisi. Hii hutumika kwa sayari kama Mshtarii na Zohali. Katika ya tatu, lenzi zote mbili huondolewa, na taswira ya darubini huangukia kihisi moja kwa moja. Njia hii ya tatu hupoteza mwanga kidogo kuliko nyingine, nayo ndiyo tutakayoifuata hapa.

Vifaa vyake ni viwili. Cha kwanza ni pete ya T. Upande mmoja wa pete una meno ya kushika mdomo wa kamera; upande wa pili una hesi yenye kipenyo cha milimita 42, ambayo hatua kati ya mzunguko na mzunguko ni milimita 0.75. Cha pili ni kiungio, yaani bomba fupi ambalo ncha yake moja ina hesi iyo hiyo, na ncha ya pili huingia katika mdomo wa darubini, mahali pa lenzi ya kuchungulia. Kipenyo cha ncha hiyo huwa milimita 31.75 au 50.8.

Unene wa pete haukuwekwa ovyo. Kanuni yake ni kwamba kutoka uso wa pete hadi kihisi pawe na milimita 55. Kamera za Canon za mdomo wa EF zina kina cha milimita 44, kwa hiyo pete yake ina unene wa milimita 11. Za Nikon za mdomo wa F zina kina cha 46.5, na pete yake ni 8.5. Kamera za Sony zisizo na kioo cha ndani zina kina cha 18 tu, hivyo zahitaji pete na bomba la nyongeza vyenye jumla ya milimita 37. Darubini ikiwa tupu, upungufu wa milimita chache waweza kusahihishwa kwa kusogeza mdomo wake. Lakini ikiwekewa lenzi ya kusawazisha picha pembeni, kanuni hii haina budi kufuatwa, kwa kuwa nyingi za lenzi hizo zimetengenezwa kwa umbali huo wa 55.

Hapa ndipo swali la istilahi linapotukabili. Maneno hesi na parafujo mafundi wetu wanayo tangu zamani, nasi hatuna haja ya kuyatafutia badala. Lakini tuangalie mengine matatu. Kiungio chaweza kuitwa adapta. Walakini adapta imekwisha kuwa jina la kifaa cha umeme, na kamera nayo ina kifaa hicho cha kuchajia betri. Pili, anayetaka kukopa jina la kihisi kwa sauti tu angepata *sensa*, na sensa kwetu ni hesabu ya watu. Tatu, lenzi ya kuchungulia huweza kuitwa lenzi ya jicho; lakini katika somo la biolojia lenzi ya jicho ni ile iliyo nyuma ya mboni, na mwanafunzi asomaye masomo yote mawili atachanganyikiwa. Katika maneno haya matatu, jina lililoundwa kutokana na kitenzi, kuunga, kuhisi, kuchungulia, lamweleza mtendaji kitu chafanya nini, na kwa hiyo kikae wapi. Kwa upande wa pili, fokasi na lenzi ni mikopo isiyogongana na neno lolote, nami sioni sababu ya kuiacha.

Faida ya usahihi huu yaonekana katika tatizo linalowasumbua wengi. Mwenye darubini ya vioo, ya namna aliyoibuni Newton, hufunga vifaa vyote sawasawa, akasogeza mdomo wa darubini ndani hadi mwisho, na bado nyota zabaki mapande ya mwanga. Wengi hudhani kamera ni mbovu. Kumbe katika darubini nyingi za namna hii taswira hufanyika karibu mno na bomba, hali kihisi kimezama milimita 55 nyuma ya uso wa pete. Mdomo hauwezi kuingia kiasi cha kukifikisha. Dawa ni kukisogeza mbele kioo kikubwa, au kutia mdomo mfupi zaidi, au kuweka lenzi ya Barlow, ambayo huisukuma fokasi nje, ingawa hukuza taswira na kufifisha mwanga wake. Aliyekwisha kufahamu sharti letu la kwanza ataitambua sababu hii mwenyewe.

Baada ya kuunganisha, yabaki mambo ya ukubwa na mwendo. Mwezi waonekana kwa upana wa karibu nusu ya nyuzi moja. Kwa umbali wa fokasi wa milimita 1000, taswira yake ina upana wa milimita 9 hivi. Kwa milimita 3000 yapita 24, nayo haienei katika kihisi cha milimita 24 kwa 36. Tena dunia yazunguka nyuzi 15 kwa saa. Kwa darubini ile ya milimita 1000, taswira ya nyota iliyo karibu na ikweta ya mbingu yasogea milimita 0.07 kila sekunde, nayo ni mara nyingi zaidi ya upana wa pikseli moja. Mwezi mpevu hupigwa kwa sehemu ya 125 ya sekunde, basi hauna shida. Nyota hafifu zahitaji dakika nyingi, na kwa hizo darubini sharti iwekwe juu ya mhimili wenye mota, ulio sambamba na mhimili wa dunia. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, mhimili huo huelekezwa kusini na kuinuliwa nyuzi 7 tu. Nairobi ni kama nyuzi 1. Maelezo yaliyoandikwa kwa nchi za kaskazini, yanayomtaka mtu aitafute nyota ya ncha ya kaskazini, hayamfai wa Dar es Salaam, kwani kwake nyota hiyo haichomozi kamwe. Hata fasiri iliyo sahihi neno kwa neno ingempoteza. Na popote alipo, asielekeze darubini kwenye jua bila kichujio maalumu mbele yake. Atapofuka, na kihisi kitaungua.

Wahenga wetu walipolitaja fungu lile la nyota liitwalo Kilimia, jina lake walilitoa katika kulima, kwa kuwa lilikuwa ishara ya msimu wa kazi. Kanuni ninayoipendekeza ni hiyo hiyo: kitu kipya cha falaki kipewe jina la kazi yake, na mkopo ukubaliwe pale usipogongana na neno lililopo. Kisha maelezo yapimwe kwa njia moja isiyo na upendeleo, yaani mtu ambaye hakuwahi kuiona kazi hii ayasome, afunge kamera mwenyewe, na apate nyota iliyo nukta.