Kitabu cha kliniki kiko Nairobi, mtoto yuko kwa nyanya

Nyanya mmoja kutoka Mbeere alifika katika kliniki yangu mjini Embu akiwa amembeba mgongoni mjukuu wake wa kiume, mtoto wa miaka miwili kasoro. Mtoto alikuwa na homa kali, macho mekundu na kikohozi, na vipele vilikuwa vimeanzia nyuma ya masikio vikishuka usoni.

"Amechanjwa?" nikauliza.

"Amedungwa sindano zote, Daktari. Mama yake hakukosa hata moja."

"Kitabu chake kiko wapi, nyanya?"

"Kiko kwa mama yake. Nairobi."

Msomaji, jibu hilo mimi hulisikia karibu kila wiki. Huenda wewe unayesoma ukurasa huu uko mjini na mtoto wako yuko Mbeere, Runyenjes au Igembe kwa mama yako mzazi, kwa sababu likizo ya uzazi ilikwisha na yaya hakupatikana. Sikulaumu hata kidogo. Mimi pia nimelelewa na nyanya. Lakini mtoto anapopandishwa matatu pale Tea Room, Nairobi, nguo zake hufungwa, maziwa hufungwa, hata kikombe chake hufungwa. Kitabu cha kliniki husahaulika kwenye droo.

Kwa nini jambo hilo linanisumbua? Tazama ratiba yenyewe. Mtoto akizaliwa hupewa BCG ya kuzuia kifua kikuu, pamoja na matone ya polio. Akiwa na wiki 6, 10 na 14 hupewa tena matone ya polio, chanjo ya nimonia, na ile sindano moja inayokinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na homa ya Hib. Chanjo ya kuharisha ya rota hutiwa mdomoni katika ziara hizo hizo, na kwenye wiki ya 14 huongezwa sindano ya polio.

Ziara hizi za mwanzo wazazi wengi huzikamilisha. Mama yuko likizoni, mtoto ni mchanga, na majirani wanauliza. Maswali ninayoulizwa wakati huo ni ya homa na kidonda. Homa ya siku moja au mbili baada ya sindano ni ya kawaida. Mpe mtoto panadoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake, na umnyonyeshe. Kidonda kidogo cha BCG kwenye mkono wa kushoto hutokea wiki chache baadaye na hupona chenyewe. Usikikamue, usikipake majani wala mafuta. Lakini homa ikipita siku mbili, au mtoto akikataa kunyonya, au akipatwa na degedege, mpeleke hospitali bila kungoja.

Baada ya wiki 14 unakuja ukimya. Hakuna sindano hadi miezi 9, ingawa kwenye miezi 6 mtoto anatakiwa kupewa vitamini A. Kwenye miezi 9 huchanjwa surua, ambayo wengi wetu huita ukambi, pamoja na rubela. Halafu ukimya tena mpaka miezi 18, ndipo chanjo hiyo hiyo ya surua na rubela hurudiwa. Dozi hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika. Wakati huo mtoto anatembea, anakula ugali, hana dalili ya ugonjwa, na mara nyingi amekwisha hamishiwa kwa nyanya.

Wazazi huniuliza, "Daktari, si alishachanjwa surua? Ya pili ni ya nini?" Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Kinga hiyo humlinda miezi ya kwanza, lakini pia huizuia chanjo kufanya kazi, na ndiyo sababu tunangoja miezi 9. Hata hapo, kati ya watoto 100 wanaochanjwa, takriban 85 tu ndio hupata kinga. Wale 15 waliobaki huwezi kuwatambua kwa macho. Dozi ya pili huwafikia karibu wote, na hapo kinga hupanda hadi watoto 97 au zaidi katika 100.

Surua nayo haina subira. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi vyake huweza kubaki hewani chumbani kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Nilikuwa intani mwaka 2006, wakati surua ilipokuwa imelipuka nchini. Sikusahau sauti ya wodi ile: watoto wakihema kwa nimonia, na wengine hawakuweza kufungua macho. Wengi tuliowapokea walikuwa hawajachanjwa, au walichanjwa mara moja tu.

Kuna kikwazo kingine ambacho si kosa la mzazi, nacho ni chupa. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, kwa kawaida dozi 10 katika chupa moja. Ikishachanganywa na maji yake, lazima itumike ndani ya saa 6, na inayosalia hutupwa. Kwa hiyo katika zahanati ndogo nesi huogopa kufungua chupa kwa ajili ya mtoto mmoja, na humwambia mama arudi Alhamisi, siku ambayo watoto wengi watakuja. Kwa mtu wa mjini Meru kurudi Alhamisi si neno. Kwa nyanya aliyelipa bodaboda kutoka bonde la Mbeere, au aliyeacha shamba msimu wa kupanda, Alhamisi haifiki. Maoni yangu ni kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, maana dozi tisa zilizomwagwa ni nafuu kuliko mgonjwa mmoja wa surua. Lakini ili usipoteze nauli, piga simu zahanati mapema uulize siku ya chanjo ya surua. Chanjo zilizo kwenye ratiba ya serikali hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Mambo mawili ya 2025 yamewachanganya wazazi. Katikati ya mwaka huo chanjo za BCG na polio ziliadimika nchini, na baadhi ya watoto walitoka hospitali bila kuchanjwa. Kama wako alizaliwa wakati huo, tazama kitabu; mahali palipo wazi pana maana yake. Kisha Julai kukawa na kampeni ya surua na rubela pamoja na homa ya matumbo. Dozi ya kampeni ni ya ziada. Haifuti ile ya miezi 9 wala ile ya miezi 18.

Na kama kitabu kimepotea kabisa? Mpeleke mtoto kliniki hivyo hivyo. Nesi ataandika kipya. Pasipo kumbukumbu tunamchukulia kuwa hajachanjwa, na kurudia dozi hakumdhuru. Aliyechelewa pia haanzi upya. Huendelea pale alipoachia. Kama kitabu kipo lakini kiko mbali, kipige picha kila ukurasa umtumie nyanya kwenye simu, halafu chenyewe kifuate.

Yule mtoto wa Mbeere alilazwa siku sita kwa nimonia, akapewa vitamini A, na damu yake ikapelekwa kupimwa. Ilikuwa surua. Nyanya alikuwa amempigia binti yake simu siku ile ile, na Jumamosi kitabu kikaletwa na matatu kikiwa ndani ya bahasha. Tulikifungua pamoja kando ya kitanda. Mama alikuwa mwangalifu kweli: kuanzia kuzaliwa hadi miezi 9 kila tarehe ilikuwa imejazwa. Mstari wa miezi 18 ulikuwa mtupu. Nyanya aliutazama, akaniuliza kama bado inawezekana kuujaza. Nikamwambia ndiyo, akishapona, kwa sababu ya rubela. Akaniomba nimwandikie tarehe.