Saa na Ramani ya Ubongo wa Mtoto Njiti

Mlinzi aliyesikia mlio wa bunduki usiku aweza kutaja saa na dakika, lakini akiulizwa umetoka kilima kipi, hushindwa. Mwenzake mwenye ramani aweza kukionyesha kilima, ila habari zake huchelewa. Kamanda mwenye busara huwasikiliza wote wawili kwa pamoja. Ndivyo wanavyofanya wataalamu wanaouchunguza ubongo wa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 katika mwaka 2020. Wengi hukua salama. Lakini baadhi yao, hasa waliowahi mno, huchelewa kutembea, kusema au kujifunza. Sababu haiko mbali: katika wiki ya 24 uso wa ubongo ungali karibu laini, ifikapo wiki ya 40 umejaa mikunjo. Mtoto njiti huikamilisha kazi hiyo nje ya tumbo la mama, kati ya mwanga na kelele.

Mashine ya kwanza hupima umeme wa ubongo, ambao Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliunasa kwa binadamu mwaka 1924. Hutaja wakati kwa sehemu ya elfu ya sekunde, lakini haijui vema umeme umetoka wapi. Ya pili, MRI, hutumia sumaku kuonyesha mahali damu inapoongezeka. Walakini damu hufika sekunde kadhaa baada ya umeme.

Mwaka 2017, watafiti wa London wakiongozwa na Tomoki Arichi walitangaza matokeo ya kuzitumia zote mbili kwa wakati mmoja kwa watoto njiti, kwa vipimo vilivyo salama ndani ya sumaku. Umeme wa watoto hao huja kwa mifumko, kisha hutulia. Ilionekana kwamba chanzo kikubwa cha mifumko hiyo ni insula, sehemu iliyojificha ndani ya mkunjo wa ubavu wa ubongo.

Faida yake ni nini? Anayejua mahali kazi ya ujenzi inapoanzia aweza siku moja kutambua mapema palipoharibika, kabla mtoto hajafikia umri wa kutembea. Hatusemi kwamba dawa imekwisha patikana. La hasha, huu ni upelelezi tu, na vita haijaisha.

Hata hivyo, ndugu askari, hapana budi kutimiza wajibu ulio mikononi mwetu. Tangu mwaka 2022 Shirika hilo linashauri mtoto njiti awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu azaliwapo. Mama akichoka, baba avue gwanda na kushika zamu. Lindo hilo halihitaji mashine.