Mafunzo ya Uongozi kwa Madaktari: Mwananchi Ayapimeje?

Daktari anaporejea kutoka mafunzo ya uongozi huja na cheti, na pengine picha ya pamoja. Cheti ni haki yake, lakini hakimwambii mkazi wa Kinole au Matombo iwapo zahanati yake itaendeshwa vizuri zaidi. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki waliyapokeaje, walijifunza nini, utendaji wao umebadilika, na matokeo yamebadilika. Tathmini nyingi huishia ngazi ya kwanza, kwa fomu inayojazwa siku ya kufunga. Sisi twaona kwamba mwananchi ana haki ya kuuliza kuhusu ngazi mbili za mwisho.

Mfano tunao hapa hapa Morogoro. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Maendeleo cha Kanada, ilianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Timu za afya za wilaya, madaktari wakiwamo, zilijengewa uwezo wa kupanga na kusimamia, zikapewa pia zana ya kulinganisha mzigo wa magonjwa na fedha zinazotengwa. Ilibainika kwamba malaria ilichukua takribani asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali katika bajeti ya mwaka 1996 ilipata asilimia 5 tu. Mgawo ukabadilishwa. Hapo ndipo mafunzo yalipoonekana: katika daftari la matumizi.

Baadaye vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Hata hivyo, tusiyape mafunzo sifa zote. Wilaya hizo zilipata nyongeza ya fedha, na watoa huduma wa zahanati walifundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ukamilifu. Mtathmini mwadilifu hulinganisha na wilaya zisizopata mafunzo, tena hurudi baada ya mwaka au miwili, kwa kuwa kiongozi aliyefunzwa huweza kuhamishwa.

Nawe ukikutana na mjumbe wa kamati ya zahanati yako, muulize: dawa muhimu zilikosekana siku ngapi katika robo hii, na katika robo kama hii mwaka jana? Msimamizi kutoka wilayani alifika lini mara ya mwisho, hususan wakati wa masika, barabara za milimani zinapoteleza? Tarehe imo katika kitabu cha wageni.