Barua yenu ikifika Bunge la Jimbo, nani anaipokea?

Ndugu zetu, familia mliohama makwenu pamoja na viongozi wenu,

Kila tunapokutana nanyi hapa Mokambo mnatuuliza kwa nini barua zinazopelekwa Lubumbashi hazipati jibu. Sisi wenyewe tulikwisha kukosea. Tulimkabidhi msaidizi wa mheshimiwa mmoja barua ya familia kadhaa, mkononi, bila kubaki na nakala. Mheshimiwa alipoondoka, msaidizi aliondoka naye, na barua hatukuiona tena. Ndiyo maana tunaeleza leo nani anafanya kazi gani ndani ya Bunge la Jimbo la Haut-Katanga.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 100, inalipa Bunge utawala wake na fedha zake, na kifungu cha 197 kinaleta haki hiyo mpaka majimboni. Basi gavana si mkubwa wa wafanyakazi wa Bunge. Mkubwa ni Biro, inayochaguliwa na wabunge wenyewe: rais, makamu wake, rapota, msaidizi wa rapota, na kwesta anayeshika fedha na vifaa.

Chini ya Biro kuna watu wa namna mbili, na hapa ndipo wengi tunapotea. Wako watu wa kabine, walioteuliwa na mkubwa wao. Yeye akianguka, nao wanafunga mizigo. Halafu wako watumishi wa utawala, wanaobaki hata baada ya uchaguzi. Kwa Bunge la Kinshasa, kifungu cha 112 kinataka kanuni za ndani zipange huduma hizo chini ya mtumishi mkuu wa serikali. Huyo, si mwanasiasa, ndiye anayefungua kikao cha kwanza cha wabunge wapya, kabla mbunge mzee kuliko wote na vijana wawili hawajashika Biro ya muda. Mbunge mwenyewe haruhusiwi kuwa mtumishi wa kudumu wa serikali.

Kwa hiyo barua iandikwe kwa rais wa Bunge, lakini ipelekwe kwa watumishi wanaopokea na kuandikisha barua. Chukueni nakala mbili. Moja inabaki kule, nyingine irudi na muhuri, tarehe na namba. Tarehe hiyo ina nguvu: kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi kwa wenye mamlaka, nao wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Wanaoogopa kutia sahihi wajue kwamba kifungu hicho hicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu hiyo.

Kama ombi linagusa pesa, kwa mfano shule au maji, litangulie kikao cha Septemba, maana ndicho cha bajeti.

Nakala yenye muhuri msituachie sisi wa shirika. Ikae kwa kiongozi mliyemchagua, na mtu wa pili ajue imewekwa wapi.